Locro, chakula cha Mei 25 nchini Argentina: namna ya kukipika

Mei 25, 1810, wakazi wa Buenos Aires walimwondoa makamu wa mfalme wa Hispania, Baltasar Hidalgo de Cisneros, wakaunda serikali chini ya Cornelio Saavedra. Uhuru wenyewe ulitangazwa Julai 9, 1816, mjini Tucumán. Sikukuu zote mbili huangukia wakati wa baridi, na zote mbili huliwa locro, supu nzito ya mahindi, maharage, boga na nyama. Chakula hiki ni cha kale kuliko taifa lenyewe: mahindi, maharage na boga ni vya wenyeji wa Andes, ng'ombe na nguruwe waliletwa na Wahispania.

Kwa watu 8 andaa mahindi meupe yaliyokobolewa nusu kilo (yale ya makande au muthokoi yanafaa kabisa), maharage meupe robo kilo, boga kilo moja na nusu, nyama ya kifua nusu kilo, mbavu za nguruwe na soseji nene zenye paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali). Asiyekula nguruwe aweke makongoro na utumbo uliosafishwa vizuri. Hapotezi kitu, maana utelezi wa makongoro ndio unaoufanya mchuzi ushikane.

Loweka mahindi na maharage usiku kucha, kila kimoja chombo chake. Maji ya maharage yamwage. Ya mahindi yabakize, yana wanga. Bandika mahindi, maharage na makongoro (kama unayatumia) kwa lita 4 za maji, pamoja na yale ya kulowekea. Yakichemka, punguza moto. Baada ya saa moja tia nyama, mbavu au utumbo, kitunguu na nusu ya boga lililokatwa vipande vidogo. Saa nyingine ikipita, tia boga lililobaki, soseji, chumvi na kijiko kidogo cha bizari nyembamba. Chemsha saa moja zaidi.

Boga ndilo linaloamua kila kitu. Chagua lenye nyama ngumu ya rangi ya chungwa iliyokolea; lenye majimaji huacha supu nyepesi hata ukipika hadi usiku. Nusu ya kwanza lazima ivurugike kabisa. Kuanzia hapo usiondoke jikoni: koroga kwa mwiko wa mbao ukikwangua chini, kwa sababu wanga hutua na kuungua, na harufu ya kuungua haitoki tena. Ikishika chini, hamishia sufuria nyingine bila kukwangua.

Locro bila mchuzi mwekundu wa juu haijakamilika. Kaanga majani ya vitunguu kwa mafuta nusu kikombe, epua, ndipo utie vijiko viwili vya paprika, pilipili kavu iliyopondwa na maji kidogo. Paprika ikiingia mafuta yakiwa motoni hugeuka nyeusi na chungu. Kila mtu ajimwagie mezani.

Kesho yake itakuwa imeganda. Ongeza maji ya moto kikombe kimoja na uipashe kwa moto mdogo huku ukikoroga.