SOMO: Kutunza ngama, betri, injini, maji na gesi kwenye boti ya mfereji

Habari zenu wanachama. Tangu nilipoweka picha ya boti yangu imezungukwa na barafu, maswali yamekuwa mengi kuliko ninavyoweza kujibu mtu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeona heri niandike somo moja. Mimi mzaliwa wa Pangani. Huu ni mwaka wa saba naishi kwenye boti nyembamba katika mifereji ya Uingereza, hasa Grand Union, ule unaotoka London hadi Birmingham. Boti hizi ni za chuma. Upana wake ni mita mbili na kidogo tu, kwa sababu loki nyingi za zamani (vile vyumba vya maji vinavyopandisha na kushusha boti) zilijengwa kwa upana wa futi 7. Urefu unaweza kufika mita 21. Ndani mna jiko, kitanda, bafu, friji, kila kitu, ila hakuna shirika la umeme wala la maji. Shirika ni wewe mwenyewe.

Karibu kila kilichowahi kuniharibikia kilinipa taarifa kwanza. Mimi ndiye sikujua kuisoma. Kwa hiyo zaidi ya kufungua nati, somo hili ni la kusoma dalili.

Hatua ya 1: Ngama, kabla ya chai

Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na asubuhi hakunywa kitu kabla hajachungulia ngama, yaani tumbo la chini la chombo ambako maji hukusanyika. Chombo cha mbao huvuja siku zote. Alichotaka kujua ni kama leo maji yamezidi ya jana. Boti ya chuma haivuji hivyo, lakini ina tundu moja halali, kule tezini (nyuma) ambako shafti ya propela inapenya kwenda nje. Pale pamezibwa kwa kamba ya pakingi na grisi.

Ukimaliza safari na kuzima injini, zungusha kichwa cha kopo la grisi, linalosukuma grisi kwenye shafti, mpaka ukihisi kimekaza na matone yamekoma. Shafti inapozunguka, tone mojamoja si ugonjwa. Likigeuka mchirizi, kaza nati mbili za pakingi kidogo kidogo, kwa usawa pande zote, kisha endesha nusu saa, zima, na uguse pale. Pakikuchoma mkono, umekaza mno na unaila shafti.

Pampu ya ngama ina swichi inayoelea. Inyanyue kwa mkono kila wiki usikie pampu inanguruma. Waya wake utoke kwenye betri moja kwa moja kupitia fyuzi, usipite kwenye swichi kuu, ili ifanye kazi hata ukizima kila kitu ukaondoka. Na chini ya injini weka vitambaa vya kufyonza mafuta, maana pampu haichagui: ikikuta oili, itaimwaga mferejini, na hilo ni kosa la kisheria.

Kisha kuna kile kisanduku chenye mfuniko juu ya propela, unamoingiza mkono kutoa magugu. Nimewahi kutoa humo suruali ya jinzi, waya wa uzio na nusu ya zulia. Kabla ya kuingiza mkono, zima injini na ufunguo utie mfukoni mwako, si mezani. Ukimaliza, rudisha mfuniko, ukaze, halafu ukaze tena. Propela ikizunguka husukuma maji juu kwa nguvu, na boti zimezama kwa mfuniko huu uliolegea, mwenyewe amesimama na usukani mkononi hana habari.

Hatua ya 2: Betri

Hapa nitakaa, maana ndipo pesa zinapozama.

Seti yangu ya kwanza ilikuwa betri nne za risasi na asidi, kila moja ampea-saa 110 (kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba), jumla 440. Zilikufa hazijatimiza mwaka. Nilikuwa nikizima injini natazama mita, naona volti 13 na ushei, naenda kulala na moyo mweupe. Volti za mara tu baada ya kuzima injini ni za uongo. Iache betri itulie saa kadhaa bila kuchajiwa na bila mzigo mkubwa, ndipo usome: 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu. Chini ya hapo usishuke. Maana yake kati ya zile 440, zako ni 220.

Matumizi yangu ni kama ampea-saa 90 kwa siku, nusu yake ni friji. Nikapiga hesabu ya mtoto wa shule: alteneta yangu (dinamo ya injini inayochaji betri) ni ya ampea 70, basi saa moja na robo ya injini inatosha. Haitoshi hata kidogo. Betri ya risasi hupokea kwa pupa mwanzoni, lakini ikifika kama asilimia 80 inaanza kukataa, na ile sehemu ya mwisho inachukua saa nyingi. Ukiwa unakatisha kila siku kabla haijajaa, chembe za salfeti zinagandamana kwenye sahani zake na kuwa ngumu. Betri ya 110 inageuka ya 60 huku bado inaonyesha volti nzuri. Zangu hazikufa kwa kunyonywa sana. Zilikufa kwa kutoshiba hata siku moja.

Kanuni yangu kwa betri za risasi ni hii: angalau mara moja kwa wiki betri zinajazwa mpaka mwisho, hata ikichukua saa 6 hadi 8. Majira ya baridi unganisha siku hiyo na siku ya kusafiri, kwa kuwa sisi tusio na maegesho ya kudumu haturuhusiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, hivyo injini lazima itembee tu. Usipange kuchaji usiku. Masharti ya leseni yanakataza kuwasha injini kati ya saa 2 usiku na saa 2 asubuhi ukiwa karibu na watu. Kujua kama zimejaa, usiamini asilimia kwenye kioo. Tazama ampea zinazoingia. Chaja ikiwa kwenye volti 14.4 na ampea zimeshuka hadi asilimia moja au mbili ya ukubwa wa betri zako (kwa zile 440 ni kama 4 hadi 9), hapo zimeshiba.

Sola nayo ina tabia zake. Mwezi Juni paneli zangu zinamaliza kazi kabla ya adhuhuri. Desemba jua linatambaa pembeni ya mbingu kama mgonjwa, na unachopata ni makombo. Sisi tuliozoea jua la utosini tunadanganyika sana hapo.

Betri zenye vifuniko zinataka maji yaliyotoneshwa, kamwe si ya bomba. Litiamu ni nzuri, nimehamia huko, lakini fundi mmoja alinifungia moja kwa moja kwenye alteneta. Litiamu haijui kukataa, inakunywa zote unazoipa, na alteneta ikaungua baada ya siku chache. Inatakiwa chaja ya kati inayopunguza kasi. Pia usiichaji betri hizo joto lake likiwa chini ya sifuri.

Hatua ya 3: Injini na dizeli

Injini nyingi za boti hizi hazivuti maji ya mfereji. Kulanti (maji yenye dawa ya kuzuia kuganda, yanayopoza injini) inazunguka kwenye tangi bapa lililochomelewa ubavuni mwa boti, na mfereji ndio rejeta. Kagua oili, kulanti na mkanda kabla ya kuwasha. Ukiona vumbi jeusi karibu na mkanda, unateleza. Hiyo ni taarifa kuhusu betri pia, maana mkanda ndio unaozungusha alteneta. Oili yangu nabadilisha kila saa 250 za injini.

Adui wa dizeli ni maji. Tangi likiwa nusu wakati wa baridi, hewa iliyomo hutoa umande, maji yanatuama chini, na kwenye mpaka wa maji na dizeli vinaota vijidudu vinavyotengeneza ute mweusi wa kuziba filta. Jaza tangi kabla ya Novemba, toa maji kwenye kikombe cha filta, beba filta mbili za akiba.

Hatua ya 4: Maji safi na choo

Jaza tangi kila upitapo bombani, usingoje liishe. Choo cha kaseti (chenye tangi dogo la kubebeka) unakimwaga kwenye vituo vyake, basi. Beba kaseti ya pili. Sina la kuongeza, na mtu asiniulize picha.

Hatua ya 5: Gesi na jiko la makaa

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani inalala ngamani ikingoja cheche. Ndiyo maana mitungi inakaa kwenye kabati lake la omo (mbele ya boti), lenye matundu ya chini yanayotoka nje. Usizibe matundu hayo kwa kamba wala viroba. Wakati wa baridi tumia propeni. Buteni inakoma kugeuka mvuke joto likikaribia sifuri, nawe umeshaloweka mchele.

Jiko la makaa ya mawe ndilo linalotuweka hai Januari, na ndilo linaloweza kutuua. Kaboni monoksaidi haina harufu. King'ora chake kimekuwa sharti la ukaguzi wa usalama wa boti tangu Aprili 2019. Mimi ninavyo viwili, kimoja karibu na kitanda. Safisha bomba la moshi, badilisha kamba ya mlango wa jiko ikichakaa, na usizibe matundu ya hewa kwa sababu ya baridi. Najua kishawishi hicho, niliwahi kuyatia soksi. Asubuhi niliamka na kichwa kizito, na siku hiyohiyo nikanunua king'ora cha pili.

Hatua ya 6: Chuma chenyewe

Kila miaka miwili au mitatu boti ipandishwe chelezo (itolewe majini), ioshwe, ipakwe lami, anodi zikaguliwe, yaani vile vipande vya madini vinavyofungwa nje ya boti ili vilike kabla yake. Ukiona anodi imelika, ifurahie: imelika badala ya boti.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Leeds: Kaka, pampu ya maji yangu inanguruma sekunde moja usiku wa manane na hakuna aliyefungua bomba. Nimeanza kusoma dua.

Dua haidhuru, ila tafuta uvujaji. Pampu inaamka kwa sababu presha imeshuka mahali. Pitisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo cha bomba, italowa penye tatizo. Kisha tazama valvu ya usalama ya tangi la maji ya moto, mara nyingi huwa yenyewe. Kote kukiwa kukavu, valvu ya ndani ya pampu imeshika uchafu na maji yanarudi tangini. Kabla hujapata jibu, zima pampu ukienda kulala, maana uvujaji mdogo na pampu iliyowaka vinaweza kuhamishia tangi zima ngamani.

Mwanachama wa Lamu: Mimi nina boti ya fiberi, betri mbili na sola. Haya yananihusu?

Ya betri yote, tena zaidi, kwa kuwa joto linafupisha maisha yake. Ziweke penye hewa. Anodi ndizo tofauti: huku kwenye maji yasiyo na chumvi tunatumia magnesi, kwenye maji ya chumvi itayeyuka upesi mno. Wewe tumia zinki au alumini. Jiko la makaa ya mawe hulihitaji, unanitia wivu.

Kijana wa Coventry: Nimepata maegesho yenye umeme wa nchi kavu. Nikiacha waya umechomekwa muda wote kuna ubaya?

Upo. Waya wa udongo (ethi) unaziunganisha boti zote za hapo, na chuma chako kinaweza kuanza kulika kwa kuzilinda boti za jirani. Fungiwa kizuizi cha mkondo huo mdogo kwenye waya wa udongo, kinachoruhusu usalama wa umeme kubaki palepale. Kifungwe na fundi wa umeme wa boti, si wa nyumba.

Mama wa Northampton: Shikamoo fundi. Muuzaji anasema boti ina cheti cha usalama cha miaka minne, kwa hiyo haina haja ya kukaguliwa tena. Ni kweli?

Marahaba mama. Si kweli. Cheti kile kinatazama gesi, mafuta, umeme, hewa na moto. Hakipimi unene wa chuma. Boti nyingi zinaundwa na sakafu ya milimita 10, ubavu 6 na paa 4. Mlipe mkaguzi wako mwenyewe, boti itolewe majini, apime unene kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Ubavu ukikaribia milimita 4, wenye bima wanaanza kusitasita. Muuzaji akikataa boti itolewe majini, mshukuru uondoke.

Mwanachama wa Reading: Desemba naenda Tanga wiki sita. Niiache vipi?

Kwanza tafuta nafasi ya kulipia kwenye bandari ya boti, kwa sababu ya zile siku 14. Halafu zima pampu ya maji, toa maji kwenye tangi la moto na mabomba yote, uyaache wazi. La bafu ndilo hupasuka kwanza. Kulanti iwe nusu dawa ya kuzuia kuganda, nusu maji. Jaza dizeli, funga mitungi ya gesi, jaza betri halafu zima swichi kuu, pampu ya ngama ibaki hai. Kaza kopo la grisi la shafti. Kamba zisikaze sana, maji yakishuka boti isining'inie. Jirani mwachie ufunguo na namba yako, umwombe achungulie ngama kila Jumapili. Wangu nilimletea kilo mbili za korosho, tangu hapo anachungulia hata nikiwepo.