Kwenda kazini kwa baiskeli kupitia njia za migombani

Kama unakaa Kibosho, huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na kazi yako iko Moshi mjini, achana na lami, shuka kwa kukatiza kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba za Wachaga. Lami asubuhi ni Noah, vile vigari vya abiria, zimeshona watu na boda zinakupita karibu zikukwangue kiwiko, huku ndani unasikia mfereji unatiririka na harufu ya moshi wa jikoni kwa watu.

Kwanza ijaribu njia Jumamosi, taratibu, maana nyingine zinaishia uani kwa mtu. Mimi nilishawahi kutokea jikoni kwa bibi mmoja, shikamoo bibi, marahaba, nikapewa ndizi mbivu mbili na kurudishwa nilikotoka. Ukiona masale, ile mimea ya majani marefu, yamepangwa mstari huo ni mpaka wa kihamba, fuata pembeni yake.

Tairi ziwe pana zenye meno na usizijaze mpaka ziwe jiwe, upepo wa psi 30 hivi unatosha, zinang'ata udongo na mikono haifi ganzi. Ila usizidishe kupunguza, ukigonga jiwe rimu itaikata tyubu.

Breki sasa ndo roho yako. Moshi iko kama mita 900 toka usawa wa bahari, we unatoka juu ya 1,300, yaani unashuka tu. Rudisha makalio nyuma ya siti, bana breki zote mbili kidogokidogo, na ukiona jani la mgomba limelowa njiani usishike breki ya mbele juu yake kabisa, lile ni sabuni. Kina mama wenye mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani, shuka uwapishe, hawaoni pembeni wale.

Masika, Machi mpaka Mei, tope linajaa kwenye madigadi hadi gurudumu linagoma, siku hizo mi napanda Noah bila aibu.

Shati likunje kwa kuviringisha, viatu vya ofisini vilale hukohuko chini ya meza.

Halafu toka dakika kumi mapema. Saa 12 na nusu asubuhi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko wazi kabisa ila iko mgongoni kwako, lazima usimame ugeuke, maana jioni ukiwa unapandisha umeielekea unakuta imeshajifunika mawingu.