AC haipoozi? Usikubali kuongezewa gesi kabla hujaangalia haya

Mi nakaa Kigamboni, karibu na bahari, na AC yangu ya kwanza niliongezewa gesi mara tatu ndani ya miaka miwili. Kila kaskazi ikianza, Desemba hivi, ubaridi unapungua, namwita fundi, anakuja na mtungi wake, anafunga geji, anatikisa kichwa, "bosi gesi imeisha". Nalipa. Mpaka siku nilipompata fundi mmoja mzee akaniuliza, gesi imeishia wapi? Maana gesi ya AC siyo kama ya kupikia, haitumiki ikaisha, inazunguka tu humo humo kwenye mabomba miaka na miaka, kwa hiyo ikipungua kuna mahali inavuja na pasipozibwa we utaongeza mpaka uchoke.

Sasa kabla hujapiga simu kwa fundi, zima umeme kwenye swichi kuu ya AC (siyo rimoti tu) afu fungua kifuniko cha mbele. Utakuta nyavu mbili, ndo filta hizo. Zioshe kwa maji na sabuni ya unga kidogo, zianike kivulini kwa sababu jua linazipinda, zikikauka kabisa rudisha. Ukiwa unakaa kando ya barabara ya vumbi fanya kila baada ya wiki mbili, wengine mwezi unatosha. Filta ikiziba hewa haipiti, koili ya ndani (yale mabomba yanayopooza hewa) inaweza kuganda barafu kabisa, afu ikiyeyuka maji yanachuruzika ukutani na watu wanasema AC mbovu.

Maji yakidondoka ndani na filta ni safi, angalia bomba la kutolea maji. Humo ndani huwa panaota utelezi kama kamasi, hasa wakati wa masika hewa inapokuwa na unyevu mwingi. Vuta uchafu kwa upande wa nje, vakyumu ya maji ikiwepo inafanya kazi nzuri, na bomba lishuke mteremko wote, lisipande popote njiani.

Ile mashine ya AC inayokaa nje ndo watu wa pwani tunaisahau kabisa. Upepo wa bahari una chumvi na chumvi inakula yale mapezi ya alumini, ukiyagusa yanapukutika kama majivu. Kila mwezi mwagia maji ya kawaida yasiyo na chumvi kwa mpira wa bustani, umeme ukiwa umezimwa, na tafadhali usilete ile mashine ya kuoshea magari, inalaza mapezi yote. Pia usiifungie kwenye kibanda ukidhani unailinda, inatakiwa iteme joto, ikikosa nafasi inameza joto lake yenyewe na uniti za LUKU zinakwenda.

Yote hayo umefanya na bado haipoozi, hapo sawa, inawezekana gesi kweli. Ila mwambie fundi atafute panapovuja kwanza, povu la sabuni kwenye nati za maungio linaonyesha, na ukiona mafuta mafuta kwenye nati mara nyingi ni hapo hapo. Akishaziba avute hewa yote kwa pampu, afu apime gesi kwa mizani, kama AC yako inatumia gesi aina ya R410A, haiwekwi kwa kukisia. Gesi aina ya R32 inaweza kushika moto kwa hiyo sigara mbali. Na kama yako bado ni ya gesi ya zamani ya R22, usitumie hela nyingi kuifufua, hiyo gesi inaondolewa duniani na nchi kama zetu zimepewa mpaka 2030, mabaki ni ya matengenezo tu.

Ukinunua mpya chukua AC ya inveta, yaani ile inayopunguza kasi yenyewe badala ya kuwaka na kuzima, hasa kama inalala imewashwa usiku kucha. Chumba cha kulala cha kawaida BTU 9000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupooza) inatosha, ila kama juu ni bati bila dari hata 18000 itahangaika, weka dari kwanza, na yale madirisha ya luva yazibe maana hayafungi kabisa. Weka nyuzi 25 kwenye rimoti na feni ya dari izunguke taratibu. Kuweka 16 hakupoozi chumba haraka zaidi, kompresa (pampu inayosukuma gesi) ya kawaida, isiyo ya inveta, inasukuma kwa nguvu ile ile, inachelewa tu kuzima.

Umeme ukikatika na kurudi usiwashe hapo hapo, subiri kama dakika tano au funga kile kidude cha kulinda umeme chenye kuchelewesha, kompresa nyingi zinafia hapo.

Sevisi kubwa fanya Juni au Julai kusi likivuma, mafundi wana nafasi na unapatana bei vizuri. Wenzetu wa Njombe na Mafinga miezi hiyo wanawaza kuota moto, ila jiko la mkaa likilala chumbani na mlango umefungwa linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, litoe nje kabla hujapanda kitandani.