Mgonjwa Mwenye Mzio wa Penisilini: Namna ya Kuchagua Dawa Mbadala
Kabla ya kuandika dawa mbadala, muulize mgonjwa ni nini hasa kilitokea, baada ya muda gani na miaka mingapi iliyopita, kwa kuwa wengi wanaodhani wana mzio wa penisilini hugundulika hawana wanapopimwa. Kichefuchefu au kuharisha peke yake si mzio. Mkumbushe pia kwamba amoksilini, Ampiclox na Augmentin ni za ukoo huohuo, jambo ambalo wengi hawalijui.

Ikiwa zamani alipata vipele vyepesi tu, seftriaksoni au sefazolini kwa kawaida hufaa, ila sefaleksini iepukwe kwa aliyedhuriwa na ampisilini au amoksilini, maana maumbile yao ya kikemikali yanakaribiana mno. Aliyevimba koo, kubanwa pumzi au kuzirai ni salama zaidi apewe dawa ya kundi jingine kulingana na ugonjwa, mathalani azithromaisini au doksisaiklini, ingawa hii ya pili haimfai mjamzito. Aliyewahi kubabuka ngozi na midomo asipewe penisilini wala sefalosporini yoyote, yaani kundi la seftriaksoni, sefazolini na sefaleksini.

Mjamzito mwenye kaswende ni suala la pekee: hakuna mbadala wa kuaminika wa kumkinga mtoto, hivyo apelekwe hospitali azoeshwe penisilini kidogo kidogo chini ya uangalizi.