Namna ya Kuisoma Pumu ya Mtoto Kupitia Jeni Zinazofanya Kazi Katika Damu

Pumu hukaa katika njia za hewa, lakini mtoto wa miaka sita hawezi kukatwa kipande cha pafu kila anapobanwa, na ndiyo maana watafiti huigeukia damu, ambamo hupita seli za kinga zinazoelekea mapafuni. Kinachopimwa ni RNA, yaani nakala ambazo jeni hutoa zinapofanya kazi.

Mzazi akisharidhia na mtoto mwenyewe akakubali kuchomwa sindano, andika saa, dawa anazovuta, kama ana mafua, na lini alimeza prednisoloni, dawa ya steroidi, mara ya mwisho. Prednisoloni hupandisha jeni ya FKBP5 na kupunguza eosinofili, aina ya seli nyeupe za kinga, katika damu, hivyo asiyeijua habari hiyo ataeleza athari ya dawa akidhani anaeleza ugonjwa.

Chukua mililita 2.5 katika mrija wa PAXgene, wenye kemikali ya kuhifadhi RNA, ugeuze taratibu mara 8 hadi 10, uuache katika joto la chumba kwa saa 2 au zaidi, kisha uugandishe. Chukua pia mrija wa EDTA, wenye kemikali ya kuzuia damu kuganda, kwa ajili ya hesabu kamili ya seli. Mrija huu wa pili ninausisitiza kuliko yote. Damu ni mchanganyiko wa seli nyingi, na jeni za eosinofili kama IL5RA na CLC zikipanda, mara nyingi ni kwa sababu eosinofili zimeongezeka, hata kama hakuna seli iliyobadili mwenendo wake. Tena eosinofili huongezwa na minyoo na kichocho, kwa hiyo kwa watoto wa pwani yetu au wa kando ya Ziwa Victoria, pima choo na mkojo kabla ya kuihukumu pumu.

Katika maabara, pima uzima wa RNA, kisha ondoa nakala za globini, yaani protini za hemoglobini, ambazo zisipoondolewa humeza sehemu kubwa ya usomaji wa RNA. Changanya sampuli za wenye pumu na wasio nayo katika kila awamu ya upimaji. Wagonjwa wakipimwa Jumatatu na wazima Ijumaa, hakuna hesabu itakayotenganisha pumu na siku.

Katika uchambuzi, kwa programu ya takwimu kama DESeq2, ingiza umri, jinsia, awamu na hesabu za seli. Jeni zinazotoa protini ni karibu 20,000, hivyo kizingiti cha thamani ya p cha 0.05 kisichorekebishwa kingeweza kuleta jeni takriban 1,000 kwa bahati tu. Rekebisha kwa kudhibiti uwiano wa ugunduzi wa uongo, yaani sehemu ya jeni ulizozitaja ambazo kwa kweli hazihusiki.

Ulinganisho ninaouamini zaidi ni wa mtoto na yeye mwenyewe, akiwa ametulia na akiwa amebanwa. Jeni zinazoitikia interferoni, protini ambazo mwili hutoa kupambana na virusi, zikipanda wakati wa shambulio, tafuta kirusi, hasa rinovirusi, kwa kupangusa pua siku hiyo hiyo. Orodha ya jeni utakayoipata ijaribiwe kwa kundi jingine la watoto, na hadi hapo mzazi asipunguze wala kubadili dawa ya kuvuta kwa sababu yake.