Umekuta mani oda ya zamani sandukuni? Anza hivi

Mwezi wa saba, baada ya mavuno, tulikwenda Mpwapwa kubomoa tembe ya bibi mzaa mama, maana mchwa walikwishaimaliza. Chini ya kitanda tukavuta sanduku lake la bati. Mlikuwa na kanga mbili, kadi za kliniki na kitabu cha nyimbo za kanisani, na katikati ya kitabu hicho hawala ya posta, ndiyo mani oda, ya Sh 3,000, mhuri wa Tabora, Agosti 1991. Mtumaji ni mjomba, enzi hizo kibarua wa reli. Mlipwaji ni bibi. Haikuwahi kulipwa.

Nimeifuatilia karatasi hii kwa miezi minne, na nimejifunza mambo ambayo laiti ningeyajua siku ile ile. Nayaandika kwa sababu najua masanduku ya namna hii bado yapo vijijini kwetu.

Usiipige pasi, hata kama imekunjamana. Usiipeleke stesheneri ikapigwe lamineti, maana karani atahitaji kuugeuza mgongo wake na pengine kuandika juu yake. Usiweke sahihi popote. Itie kwenye mfuko mwangavu wa plastiki, piga picha pande zote mbili kwenye mwanga wa jua, kisha toa nakala mbili. Ukilipwa, karatasi halisi inabaki posta, hivyo nakala ndizo mtakazobaki nazo nyumbani. Na picha usiirushe kwenye magrupu huku namba ikionekana.

Halafu kaa chini uisome. Mimi niliisoma haraka haraka nikitafuta kiasi tu, nikakosea. Kwanza hakikisha ni hawala yenyewe, si stakabadhi. Stakabadhi ni kile kipande alichobaki nacho mtumaji, kinaonyesha kwamba fedha zilitumwa tu. Huenda zilipokelewa siku nyingi na watu wakala wakashiba. Ukiwa na hawala yenyewe, andika pembeni namba yake, ofisi iliyoitoa, tarehe ya mhuri, kiasi, jina la mtumaji na la mlipwaji, herufi kwa herufi kama yalivyoandikwa.

Kisha geuza. Mgongoni mwa ile yetu kulikuwa na mstari wa penseli, umefifia, nikausoma kwa kuuinamisha dirishani: "Jina halilingani na kadi."

Hapo nikalazimika kukaa. Mjomba alituma fedha zile kwa ajili ya msiba wa babu, ambao hakuufika. Ukoo ulimsema miaka yote, kwamba alimzika baba yake kwa mdomo. Bibi alikuwa akijibu neno moja: "Alituma, dirishani wakanikatalia." Tukadhani mama anamfichia mwanawe aibu. Kumbe mjomba aliandika jina ambalo kijiji kizima kilimwita bibi, yaani Mama na jina la mtoto wake wa kwanza, wakati kitambulisho pekee alichokuwa nacho bibi ni kadi ya chama yenye jina alilozaliwa nalo. Alitembea kwa miguu mpaka mjini na kurudi mikono mitupu. Mjomba alifariki kabla hatujaliona sanduku.

Kwa hiyo suala la majina lichukulie kwa uzito, ndilo lililoikwamisha hawala yetu, si umri wa karatasi. Kama mlipwaji yu hai na majina yanatofautiana, nendeni kwa wakili mkaape kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, mkiambatanisha barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa na kitambulisho cha NIDA. Hilo la mtendaji fanyeni kwanza, kwa sababu wakili naye ataliulizia.

Kama mlipwaji amefariki, fedha ile ni mali ya marehemu, na hakuna mjukuu anayeweza kuichukua kwa kuwa tu ndiye aliyelifungua sanduku. Anayeweza kuidai ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwetu Mahakama ya Mwanzo ilikwishamteua mjomba mdogo wakati wa kugawa shamba, hivyo alikuwa na hati ya usimamizi na cheti cha kifo kutoka RITA. Msipokuwa na msimamizi, sisemi mfungue mirathi kwa ajili ya Sh 3,000. Nauli ya siku moja ya mahakamani inaizidi. Lakini mkiwa na shamba au nyumba ambayo bado haijashughulikiwa, iorodhesheni hawala pamoja na mali nyingine.

Sasa, uende dirisha gani? Hapa nilipoteza siku mbili. Karatasi za mwaka 1991 zina jina la Shirika la Posta na Simu, shirika ambalo halipo tena. Liligawanywa: simu zikaenda TTCL, na barua pamoja na hawala zikaenda Shirika la Posta Tanzania, lililoanza kazi mwaka 1994. Akiba zilikwenda Benki ya Posta, ambayo tangu mwaka 2021 inaitwa TCB, yaani Tanzania Commercial Bank. Kwa hiyo ukikuta kitabu cha akiba cha posta, nenda TCB. Ukikuta hawala, nenda posta. Ukikuta karatasi ya huduma za posta za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile iliyovunjika mwaka 1977, mimi ningeiweka kwenye albamu. Na kama sandukuni mna noti za zamani, zile zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, Benki Kuu ilizibadilisha kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, na dirisha hilo limefungwa. Bibi alikuwa na mbili za shilingi mia mbili. Tumechelewa.

Posta usiende na karatasi tu ukaisukuma dirishani. Vijana wengi wa dirishani wameanza kazi wakati watu wanatumiana fedha kwa simu, hawajawahi kuishika hawala ya aina hii. Omba kumwona mkuu wa ofisi, tena asubuhi. Mimi nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa nyuma kwenye vifurushi. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu," akasema, akaishika kwa ncha za vidole, akaitazama kwenye mwanga, akanieleza kitu ambacho sikukijua: kabla ya kuulizia malipo, ulizia kama mtumaji hakurudishiwa fedha. Hawala isiyolipwa mtumaji angeweza kuidai mwenyewe kwa stakabadhi yake.

Basi andika barua. Moja tu, ukurasa mmoja, isainiwe na mlipwaji au msimamizi. Taja yale yote uliyoandika pembeni, kisha uliza mambo mawili: je, kumbukumbu zinaonyesha hawala namba hii ililipwa au kurejeshwa kwa mtumaji? Na kama bado, utaratibu wa kuilipa ni upi? Ambatanisha nakala, hawala halisi ubaki nayo mpaka utakapoambiwa kwa maandishi uilete. Nakala ya barua yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila mhuri huo, safari ya pili utaanza upya. Na asitokee mtu wa kukuambia umpe kitu kidogo akufuatilie ndani kwa ndani.

Upande wa mtumaji, piga simu kwa familia yake siku hiyo hiyo. Nilimpigia mke wa mjomba, Tabora. Akasema hapana, hakuna fedha iliyorudi, na kwamba mumewe aliamini mpaka mwisho kwamba mama yake alizipokea na hakutaka kumshukuru.

Mpaka naandika haya, barua yetu ipo, imegongwa mhuri, nimerudi mara tatu na majibu bado. Nikilipwa, natarajia Sh 3,000 zile zile zilizoandikwa, bila nyongeza. Bibi angenunua nazo madebe ya mtama. Leo sijui kama zinatosha kilo mbili. Nitaendelea kurudi, kwa sababu fedha ile ilitolewa kwenye mshahara wa kibarua ili babu yangu azikwe kwa heshima, na aliyetumiwa hakuipata.

Nakala ya kwanza tuliisoma mbele ya ukoo, mjomba mdogo ameishika, pamoja na ule mstari wa penseli. Wazee wawili waliomba radhi palepale, kwa sauti. Nakala ya pili nilimpa kondakta wa basi la Tabora, ndani ya bahasha ngumu. Mke wa mjomba alinipigia ilipofika, swali lake likawa moja: hayo maandishi ya penseli mgongoni, hayatafutika?

Nilimwambia hayatafutika, mama, kwenye nakala ni wino.