Kusoma namba ya chesisi ya MGB, Triumph na Jaguar E-Type zilizokaa Malindi

Magari ya spoti ya Uingereza ya miaka ya 1960 hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 iliyoko kwenye magari mengi ya siku hizi. Namba zake ni fupi, na kila kiwanda kilikuwa na mpangilio wake.

Anza kwa kusafisha. Kibati cha alumini chenye namba, kilichofungwa kwa riveti za chuma huliwa na hewa ya bahari: chumvi ikipata unyevu, alumini karibu na riveti hugeuka unga mweupe, na herufi za pembeni hupotea kwanza. Paka mafuta ya taa, subiri dakika 10, sugua kwa mswaki mkuukuu. Msasa na grenda viweke mbali. Alama za kusagwa karibu na namba humtia shaka mkaguzi wa polisi hata kama gari ni halali. Halafu mulika tochi kutoka ubavuni, si kwa mbele, ili mashimo ya herufi yatoe kivuli. Piga picha. Kibati usikibandue.

Kwenye MGB tafuta kitu kama GHN3. G ni MG, H ni daraja la injini (cc 1400 hadi 1999), N ni gari la wazi la viti viwili, na D badala ya N ni GT yenye paa. Tarakimu ni toleo: 3 zilianza 1962, 4 zikaja mwishoni mwa 1967, kisha 5. Herufi L baada ya hapo ni usukani wa kushoto, kwa hiyo ukiikuta kwenye gari lenye usukani wa kulia, uliza maswali. Kosa baya zaidi ni kusoma H iliyochakaa kama C. GCN ni MGC, gari la silinda sita lenye cc 2912, na bei yake si ya MGB. Ukiwa na wasiwasi, hesabu plagi: MGB ina nne, MGC ina sita.

Triumph ni rahisi kuliko zote, ila herufi za mwanzo CP huwakanganya wengi: ni TR5 na pia TR6 za mwanzo zenye sindano ya mafuta (fuel injection) badala ya kabureta. TR6 zilianzia CP25001; chini ya hapo ni TR5. CC ni TR6 ya kabureta. O mwishoni ni herufi, si sifuri: ina ovadraivu, gia ya ziada ya mwendo wa kasi.

E-Type za 1961 za usukani wa kulia zilianza 850001 kwa gari la wazi na 860001 kwa lenye paa; za kushoto 875001 na 885001. Kibati kikipotea, namba imegongwa pia kwenye fremu ya mbele, juu ya shokabsoba ya kulia.

Mwisho soma namba ya injini. MGB za mwanzo ni 18G na 18GA, zenye beringi kuu (zinazoshika kranki) 3. 18GB ya kuanzia mwishoni mwa 1964 ina 5. Injini ikiwa imebadilishwa lakini logbuku bado ina namba ya zamani, mwenye gari arekebishe NTSA (mamlaka ya Kenya inayosajili magari) kabla hujatoa pesa.